David Livingstone na Soko la Nyangwe
Maisha ya mtu aliyetaka Injili na biashara ya haki viende pamoja



Siku za yubile ni siku za kuwakumbuka waliotutangulia. Katika kitabu hiki kidogo tumeona vema kuweka maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwa Mkatoliki, na ambaye hakujenga kanisa lolote katika Maniema. Jina lake ni David Livingstone, Mprotestanti kutoka Uskoti, mganga na msafiri. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Eklezia inatufundisha kutambua kwa furaha mema ambayo Mungu aliyatenda kwa mikono ya ndugu zetu wa makanisa mengine. Sisi wa Tunda hatuhitaji kufundishwa jambo hilo kwa maneno mengi, kwa kuwa tumeishi jirani na Wametodisti waliojenga misioni na hospitali hapa.

Lakini kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi nasi. Livingstone alikaa katika Maniema karibu miaka miwili, na katika soko la Nyangwe, kando ya mto wetu Lualaba, aliona jambo lililougeuza moyo wake. Maisha yake yote alikuwa amefundisha kwamba Injili na biashara halali vikitembea pamoja vitauondoa utumwa na umaskini. Nyangwe fundisho hilo lilitiwa motoni. Wenye kulipima kwa uzito si wafalme wala wasomi, bali ni mama wauza samaki na mihogo. Kwa hiyo habari hii ni ya Livingstone, na ni ya mama zetu pia.

MTOTO WA KIWANDA CHA PAMBA

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, karibu na mji wa Glasgow. Wazazi wake, Neil Livingstone na Agnes Hunter, waliishi pamoja na watoto wao katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi, mali ya kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba. Baba yake alikuwa mchuuzi wa majani ya chai. Alipita mlango kwa mlango na kikapu chake, na pamoja na chai aliwagawia watu vijitabu vya dini bila malipo. Hivyo mtoto David aliona tangu utotoni biashara ndogo na neno la Mungu vikibebwa na mtu yule yule.

Alipotimiza miaka kumi alipelekwa kiwandani. Kazi ilianza saa kumi na mbili ya asubuhi, ikaisha saa mbili ya usiku. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika, akiinama na kutambaa chini ya mashine. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, na baada ya kazi alikwenda shule ya usiku. Mchana aliweka kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake. Alipokuwa kijana aliweka akiba ya mshahara, akaenda kujifunza uganga huko Glasgow, na mwaka 1840 akapata cheti cha uganga.

Kuna jambo ambalo msomaji asilisahau. Pamba iliyosokotwa katika viwanda vya Uingereza wakati ule ilitoka kwa wingi katika mashamba ya Marekani, na waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa, wana wa watu waliochukuliwa Afrika. Mtoto maskini wa Uskoti na mtumwa wa Marekani walifungwa na uzi mmoja, ingawa hawakujuana. Livingstone alipokuwa mtu mzima aliutambua uzi huo, na hilo likawa mwanzo wa fikara yake kubwa.

WITO WAKE NA FIKARA YAKE

Kwanza alitaka kwenda China, lakini vita vya kasumba vilizuia njia. Ndipo Shirika la Kimisionari la London lilipomtuma Afrika ya Kusini, akafika huko mwaka 1841. Kabla ya kusafiri alisikia mafundisho ya Thomas Fowell Buxton, mbunge Mwingereza aliyepigana na utumwa. Buxton alisema kwamba kukamata merikebu za watumwa baharini hakutoshi. Mfalme wa Afrika anayeuza watu ili apate nguo na bunduki hataacha mpaka apate kitu kingine cha kuuza chenye faida. Basi wapelekewe kilimo, biashara halali na Injili, vyote pamoja, na biashara ya watu itakufa yenyewe kwa kukosa wanunuzi na wauzaji.

Livingstone aliishika fikara hiyo kama mkulima anavyoshika jembe. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari, wakaishi kati ya Wakwena wa mfalme Sechele. Alifundisha, alitibu, alijenga, alichimba mifereji. Sechele alibatizwa mwaka 1848. Lakini Livingstone hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Alianza kutafuta njia ya kutoka katikati ya Afrika hadi baharini, ili mazao ya watu yapate kutoka na Injili ipate kuingia. Mkewe na watoto walilipa gharama ya safari hizo kwa upweke na uhitaji, na haifai kuyaficha hayo tunapomsifu.

PEMBE ZA MFALME SEKELETU

Watu husimulia safari zake kama kwamba alikwenda peke yake. Sivyo. Mwezi wa Novemba 1853 aliondoka Linyanti, mji wa Wakololo, kwenda Luanda katika pwani ya Angola. Aliyewezesha safari hiyo alikuwa Sekeletu, mfalme kijana wa Wakololo. Yeye alitoa watu 27, chakula, na pembe za tembo za kuuza. Sekeletu alikuwa na hesabu yake: alitaka kujua bei ya kweli ya pembe huko pwani, asipunjwe tena na wachuuzi waliokuja kununua kwa bei ya chini na kuondoka na watu. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba mfalme huyo alitia mtaji wake katika msafara.

Walifika Luanda mwisho wa Mei 1854, Livingstone akiwa mgonjwa sana. Hapo Eklezia Katoliki inaingia katika habari hii kwa wema. Askofu wa Angola, aliyekuwa akishika pia nafasi ya gavana, aliwapokea wageni hao kwa heshima, akawapa nguo, na akapeleka zawadi kwa Sekeletu. Wakololo hawakukaa bure wakingoja mganga apone. Walitafuta kuni na kuziuza mjini, wakapakua makaa ya mawe melini kwa mshahara, wakanunua vitu vya kurudi navyo. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, mali yote ikaisha kwa chakula na ushuru, wakafika kwao mwaka 1855 mikono mitupu. Hata hivyo walifurahi, maana walijua sasa kwamba njia ipo.

Mara Sekeletu akatoa tena watu 114 na pembe nyingine kwa safari ya mashariki. Kwa msaada huo Livingstone aliyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwezi wa Novemba 1855, akafika Quelimane kando ya Bahari ya Hindi mwezi wa Mei 1856. Wakololo wengi walibaki Tete kumngoja kama alivyowaahidi. Aliporudi mwaka 1858, wengine walikuwa wamekwisha kufa kwa ndui. Fikara kubwa ya mtu mmoja hubebwa mabegani mwa wengi, na mara nyingi majina yao hayaandikwi.

HASARA YA ZAMBEZI

Uingereza ilimpokea kama shujaa. Mwaka 1857 alitoa kitabu cha safari zake, na mwezi wa Desemba akawahubiria wanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge, akiwaomba waende Afrika kufungua njia kwa biashara na kwa Ukristu. Serikali ikampa meli ya moshi na wasaidizi, aende kuufungua mto Zambezi. Alitumaini kwamba pamba ya watu huru wa Afrika itauzwa Uingereza na kuishinda pamba ya watumwa wa Marekani.

Kazi hiyo ilidumu tangu 1858 hadi 1864, na matunda yake yalikuwa machungu. Maporomoko ya Cabora Bassa yaliziba mto. Meli yake, Ma Robert, ilikula kuni nyingi na kwenda polepole, kisha ikavuja. Wasaidizi wake waligombana naye, na mara nyingi kosa lilikuwa lake, kwa sababu alikuwa mgumu na msiri. Wamisionari Waanglikana walioitikia mwito wake walikuja, na Askofu wao Mackenzie alikufa kwa homa mwezi wa Januari 1862. Tarehe 27 Aprili mwaka ule ule Mary Livingstone alikufa Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Lililomwumiza zaidi ni kuona wauza watu wakizifuata njia alizozifungua yeye. Alikuwa amefungua mlango ili wema uingie, na waovu ndio waliotangulia kupita.

Hata mali yake mwenyewe iliteketea. Alitoa paundi 6,000 za faida ya kitabu chake kujenga meli ndogo ya kusafiri katika ziwa la Nyasa, ishindane na wafanyabiashara wa watumwa kwa kununua pembe na mazao. Meli hiyo haikufika ziwani kamwe. Serikali ilipowaita warudi, aliiongoza mwenyewe kuvuka bahari mpaka Bombay, akaiuza baadaye kwa paundi 2,300 tu, na benki aliyoweka fedha hiyo ikafilisika. Kama mfanyabiashara, Livingstone alishindwa kabisa.

KATIKA MANIEMA YETU

Mwaka 1866 alirudi Afrika kwa mara ya mwisho, akishuka karibu na mto Rovuma. Alitafuta chemchemi za mto Nili, akifikiri kwamba Lualaba ndio mwanzo wake. Watu wake wengi walimwacha, sanduku la dawa likaibiwa, meno yake yakang'oka, mapafu yakaugua. Mapema mwaka 1869 alikuwa karibu kufa. Aliyeokoa maisha yake ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyeamuru abebwe machelani, akamlisha na kumpa dawa mpaka Ziwa Tanganyika. Tangu hapo adui mkubwa wa biashara ya watu alitembea katika misafara ya wafanyabiashara hao hao na kula chakula chao. Aliijua aibu hiyo, lakini hakuwa na njia nyingine.

Mwezi wa Septemba 1869 aliingia Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo. Alijaribu mara nyingi kwenda kaskazini na magharibi, lakini vidonda vya miguu vilimfunga nyumbani kwa miezi mingi. Watu watatu tu walibaki naye wakati mmoja: Susi, Chuma na Gardner. Katika kukaa huko Maniema aliisoma Biblia yote mara nne, tangu mwanzo hadi mwisho. Karatasi na wino vilipokwisha, aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa rangi aliyoikamua katika mimea ya nchi yetu.

Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe. Alitaka mitumbwi ya kuvuka Lualaba, lakini wenye mitumbwi walikataa, wakiwaogopa wenye bunduki aliofuatana nao. Akajenga nyumba ndogo, akangoja zaidi ya miezi mitatu. Na katika kungoja huko akaliona soko.

Soko la Nyangwe lilikusanyika kila siku ya nne. Siku zingine watu walifika hata elfu tatu, na wengi wao walikuwa wanawake. Walivuka mto kwa mitumbwi tangu alfajiri, au walitembea mwendo mrefu na vikapu mgongoni, wakileta samaki, mihogo, mafuta ya mawese, chumvi, pilipili, kuku, vyungu, chuma na nguo za majani ya mwale. Kila mmoja alijua bei yake, alibishana kwa kicheko, akaapa, akapunguza kidogo, akauza. Tena palikuwa na sheria isiyoandikwa: hata vijiji vilipopigana, mama aendaye sokoni hakuguswa.

Livingstone alipenda kwenda sokoni kuliko mahali pengine pote. Na ni vema tuone alichokiona. Miaka thelathini alikuwa ametafuta namna ya kuleta biashara halali katikati ya Afrika. Kumbe ilikuwako tayari. Haikungoja meli ya moshi wala kampuni ya Ulaya. Iliendeshwa na wanawake, kwa haki na kwa amani, nao waliwalisha watoto wao kwa faida yake. Kilichokosekana katika Maniema hakikuwa biashara, bali ulinzi wa wenye kuifanya.

TAREHE 15 JULAI 1871

Siku hiyo ilikuwa ya joto, na watu kama elfu moja na mia tano walikuwa sokoni. Moshi ulionekana ng'ambo ya mto, ambako vijiji vilikuwa vikichomwa kwa ugomvi wa wafanyabiashara. Watu watatu wa Dugumbe bin Habib, tajiri aliyefika karibuni na kundi kubwa, waliingia sokoni na bunduki, jambo lisilo la kawaida. Mmoja wao alianza kugombania bei ya kuku. Wahenga walisema biashara haigombi, lakini hawa hawakuja kununua. Mara bunduki zikalia katikati ya soko, na kundi jingine likapiga kutoka upande wa mitumbwi.

Wanawake walitupa vikapu vyao wakakimbilia kijito. Mitumbwi ilikuwa imebanana, haikuweza kutoka. Waliojeruhiwa waliangukiana, wengine wakajitupa katika Lualaba, wakaogelea kuelekea kisiwa cha mbali, vichwa vikionekana katika mstari mrefu, kisha kimoja baada ya kingine vikazama. Dugumbe mwenyewe alituma mtumbwi uwaokoe baadhi yao, lakini Mtagamoyo na watu wake waliendelea kuua na kuchoma vijiji hata kesho yake. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga risasi wauaji, akazuiwa. Alilofanya ni kutoa bendera yake, ili waliosalia wakimbilie chini yake, na kuwasaidia waume kuwapata wake zao.

Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma upya maandishi yake ya Nyangwe kwa mwanga wa namna ya pekee, kwa kuwa wino wake wa mimea ulikuwa umefifia. Waliona kwamba aliyoyaandika siku zile si sawa kabisa na yale aliyoyanakili baadaye, wakauliza kama baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe, waliotumwa kwake kutoka Zanzibar, walikuwa na sehemu katika uovu ule. Swali hilo halimfanyi kuwa mwuaji. Linatukumbusha kwamba mtu mwema akipanga kazi yake juu ya mabega ya waovu, hawezi kuchagua mwisho wake.

Siku tano baadaye aliondoka Nyangwe. Alifika Ujiji mwezi wa Oktoba, mgonjwa na bila mali. Huko Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alimkuta akampa chakula na dawa, akazichukua barua zake. Mwaka 1872 habari za Nyangwe zikasomwa Uingereza, zikawatikisa watu. Serikali ikapeleka wajumbe Zanzibar, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Vilio vya mama wa Nyangwe vilisikika mbali hivyo.

KIFO CHAKE NA MAPOKEZI YA BAGAMOYO

Livingstone hakuijua habari hiyo. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, akikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Susi, Chuma na wenzao, wanaume kwa wanawake, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani. Hakuna aliyewaamuru.

Walipofika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, waliomfungulia mlango ni wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika linalojulikana sana katika sehemu zetu. Mwili wa Mprotestanti ulilala usiku katika misioni yao, na watu waliokombolewa utumwani walikuja kumwaga. Misioni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, ilikuwa na kijiji cha waliokombolewa, mashamba na nyumba za ufundi. Hapo sala na jembe, shule na nyundo vilikaa pamoja. Jambo alilolitafuta Livingstone kwa meli na kwa fedha nyingi, mapadri na mabruda hao walikuwa wakilijaribu kwa udogo, kando ya njia ile ile waliyopita watumwa kutoka Maniema. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London, katika kanisa la Westminster.

WALIORITHI FIKARA YAKE

Baada ya kifo chake wengi walijitokeza. Waskoti walianzisha misioni ya Livingstonia mwaka 1875 na ya Blantyre mwaka 1876, katika nchi ya Malawi ya leo. Mwaka 1878 matajiri Wakristu wa Glasgow walitoa mtaji kuanzisha kampuni ya kusaidia misioni kwa biashara. Ndugu wawili, John na Frederick Moir, waliiongoza, na watu wakaiita Mandala kwa sababu ya miwani ya John. Kampuni hiyo ilibeba mizigo ya wamisionari na kununua pembe. Lakini haikupata faida ya kutosha, na tangu 1887 ikaingia katika vita na wafanyabiashara wa Karonga. Huko Uganda, rafiki za misioni ya Waanglikana, pamoja na mtu wa ukoo wa yule Buxton, walianzisha Kampuni ya Uganda mwaka 1903. Iligawa mbegu za pamba kwa wakulima na kununua mavuno yao, na kwa njia hiyo wakulima wengi walipata fedha yao ya kwanza.

Upande wetu wa Kanisa, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya utumwa.

Lakini maneno mema yalichukuliwa pia na mikono mingine. Mfalme Leopold wa Pili alisema kwamba analeta Kongo ustaarabu na biashara huru. Dola yake, iliyodumu tangu 1885 hadi 1908, iliwalazimisha watu kuleta mpira na pembe, na aliyepungukiwa alipata kiboko au risasi. Baada yake, tangu amri ya mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wakulima kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, na pamba ikiwa mojawapo, kwa bei iliyopangwa na wengine. Yule mtoto wa kiwanda cha Blantyre aliota pamba ya watu huru. Pamba ikaja Kongo, lakini uhuru haukuja nayo. Palikuwa na biashara, palikuwa na makanisa, na bado maskini hakuinuka, kwa sababu hakuulizwa bei.

FUNDISHO KWETU

Basi maisha haya yanatufundisha nini katika yubile yetu?

La kwanza, Injili haikatai kazi ya faida. Mchuuzi wa chai aliyegawa vijitabu, mfalme Sekeletu aliyetia pembe zake msafarani, mabruda wa Bagamoyo na jembe lao, wote walitambua kwamba mwenye njaa huhitaji sala na shamba pamoja. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu katika barua yake ya mwaka 1891, na Paulo wa Sita katika ile ya mwaka 1967, wametufundisha kwamba mshahara wa haki na maendeleo ya watu ni jambo la imani.

La pili, biashara peke yake haiponyi. Livingstone aliamini kwamba ikifika italeta uhuru. Nyangwe palimwonyesha kwamba uhuru na usalama lazima vitangulie, na kwamba bei inayopangwa kwa bunduki, kwa kiboko au kwa hila si bei tena, ni unyang'anyi. Nasi watu wa Maniema tumeonja jambo hilo mara nyingi tangu wakati huo, kila mwenye silaha alipokaa njiani na kudai sehemu ya kikapu.

La tatu, tusitafute mbali kile kilicho karibu. Lugha hii ya Kingwana tunayoisoma ilikuja Maniema na misafara ile ile ya Wangwana, pamoja na bunduki na minyororo. Leo twaomba kwayo, twaimba kwayo, na mama zetu hubishana bei kwayo. Mungu aliweza kulitakasa neno. Ataweza kulitakasa na soko. Parokia inayotaka kuwasaidia maskini wake na ianze kwa kumwuliza mama mwenye kikapu: njia ni salama? Mizani ni ya kweli? Nani anampunja? Watoto wake wanasoma kwa faida yake? Chama cha ushirika, kinu cha mchele, mkopo mdogo usio na riba ya kunyonga, vyote ni vema vikijibu maswali hayo. Visipoyajibu, vitakuwa kama ile meli iliyokula fedha nyingi na isifike ziwani.

Katika misa ya shukrani tuwakumbuke wamisionari wetu na wazee waliobeba mawe ya kanisa. Tumkumbuke na mganga huyu Mprotestanti aliyekosea mengi lakini hakunyamaza. Tena tuwakumbuke wale mama wa Nyangwe, wasio na kaburi wala jina katika kitabu chochote, waliokufa wakiuza samaki na mihogo kwa haki. Mwenyezi Mungu awapokee katika amani yake, na atupe sisi kulilinda soko lao.